Misimu Minne Inatosha, Masomo Ndiyo Yaongezwe

Desemba 2025, Diego Pavia wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alishika nafasi ya pili katika kura za tuzo ya Heisman, heshima kubwa kuliko zote katika mpira wa Kimarekani wa vyuo. Akiongoza mashambulizi yake, timu iliyozoea kuburura mkia ilishinda mechi 10 katika msimu mmoja kwa mara ya kwanza tangu iundwe. Kwa kanuni zilizokuwapo, Pavia hakutakiwa kucheza hata mechi moja kati ya hizo. Misimu yake minne ilikuwa imekwisha mwaka mmoja kabla. Aliyemrudisha uwanjani ni jaji wa mahakama ya shirikisho.

Tangu jaji huyo atoe uamuzi wake, wanamichezo kwa makumi wamekimbilia mahakamani kudai mwaka mmoja zaidi, na swali lililokuwa la makarani wa vyuo limefika hadi kwenye Bunge la Marekani: mwanamichezo wa chuo aruhusiwe kushindana kwa miaka mingapi? Wapo wanaosema minne ibaki. Wapo wanaotaka mitano kamili. Wapo wanaosema tuache kuhesabu misimu, tuhesabu umri.

Msomaji wa Eldoret au Arusha asidhani kwamba ugomvi huu ni wa watu wa mbali. Kwa zaidi ya nusu karne vyuo vya Marekani vimekuwa njia kuu ya kijana mwenye miguu myepesi na cheti cha sekondari kupata shahada ambayo nyumbani asingeimudu. Kila kanuni ya miaka inapoguswa kule, kuna nyumba huku ambayo hesabu yake inabadilika. Kwa hiyo naweka msimamo wangu mezani mapema. Misimu minne ya mashindano inatosha, kwa mwenyeji na kwa mgeni. Kinachopaswa kuongezwa ni miaka ya kusoma kwa gharama ya chuo. Na mtu apimwe kwa misimu aliyoshindana, tarehe ya cheti chake cha kuzaliwa isiwe kipimo.

Kanuni ilivyo

NCAA ni chama kinachosimamia michezo katika vyuo vipatavyo 1,100, chenye wanamichezo zaidi ya 500,000. Katika daraja lake la kwanza, mwanamichezo anapewa misimu minne ya kushindana, na misimu hiyo lazima iishe ndani ya miaka mitano tangu siku alipojisajili kwa masomo ya muda wote katika chuo chochote. Miaka hiyo mitano ikianza kuhesabiwa haisimami kirahisi, hata mwanafunzi akiacha masomo akarudi kwao. Inasimama kwa sababu zinazotajwa, kama vile utumishi wa jeshi au safari ya umisionari wa kanisa. Mwanamke akipata ujauzito anaweza kuongezewa mwaka mmoja. Aliyeumia mapema katika msimu anaweza kurudishiwa msimu huo.

Tofauti kati ya minne na mitano ni mwaka mmoja wa akiba. Makocha wameutumia mwaka huo kumweka kijana pembeni: anafanya mazoezi na wenzake msimu mzima, anajenga mwili, lakini hashindani, na msimu hauhesabiwi. Tangu 2018, mchezaji wa mpira wa Kimarekani anaweza hata kucheza mechi nne bila msimu wake kuhesabiwa. Ndiyo maana mpaka wa miaka mitano una kazi yake. Bila mpaka huo, kocha angeweza kumhifadhi kijana miaka miwili au mitatu mpaka akomae, huku ujana wake ukipita akiwa benchi.

Mwaka wa akiba una faida nyingine ambayo haisemwi sana. Kanuni za NCAA zilizoanza kutumika mwaka 2003 zinamtaka mwanamichezo awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake kabla ya kuanza mwaka wa tatu, asilimia 60 kabla ya mwaka wa nne, na asilimia 80 kabla ya mwaka wa tano. Zisome tena namba hizo. Mwanafunzi anayekwenda kwa mwendo wa chini kabisa unaoruhusiwa anaanza mwaka wa tano akiwa bado amebakiza sehemu moja ya tano ya masomo. Chama chenyewe, kwa kanuni zake, kinakubali kwamba shahada ya mwanamichezo inaweza kuchukua miaka mitano. Mazoezi, safari na mashindano hula muda, na muda huo hutoka darasani.

Kisha ukaja ugonjwa wa UVIKO-19. NCAA iliamua kwamba mwaka wa 2020-21 usihesabiwe kwa mtu yeyote. Ulikuwa uamuzi wa huruma, na wakati ule ulikuwa sahihi, lakini ulizalisha kundi zima la wachezaji wa miaka 24 na 25. Cam McCormick, aliyeandamwa na majeraha mfululizo, aliingia chuoni Oregon mwaka 2016 na kumaliza kucheza akiwa Miami mwaka 2024. Umma ukaanza kuuliza kama mpaka bado upo.

Namba hii ilikotoka

Minne si namba iliyokuwapo tangu mwanzo. Mwishoni mwa karne ya 19 hapakuwa na mpaka wowote wa maana, na wachezaji walihama chuo kimoja hadi kingine kufuata mechi. Mwaka 1896, Fielding Yost, aliyekuwa akisoma sheria West Virginia, alijiandikisha Lafayette siku chache kabla ya mechi kubwa dhidi ya Pennsylvania, akacheza, Lafayette wakashinda 6–4, naye akarejea West Virginia kumaliza masomo yake. Ni fujo ya namna hiyo iliyovifanya vyuo vikuu vya eneo la Maziwa Makuu ya Marekani vikutane mwaka 1906 na kuamua kwamba mtu acheze miaka mitatu tu, wala asicheze katika mwaka wake wa kwanza. Michigan, ambayo wakati huo kocha wake alikuwa Yost yuleyule, ilikuwa miongoni mwa walioupinga uamuzi huo, na muda mfupi baadaye ikajitoa katika umoja huo.

Mitatu ikadumu kwa miongo mingi. Lew Alcindor, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar, aliingia UCLA mwaka 1965 akiwa tayari hazuiliki. Timu yake ya mwaka wa kwanza iliifunga timu kubwa ya chuo, iliyokuwa bingwa wa taifa, kwa pointi 75 kwa 60. Hata hivyo alisubiri mwaka mzima kabla ya kuichezea timu hiyo kubwa. Mpira wa Kimarekani na mpira wa kikapu vilifungua mlango kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza mwaka 1972, na sababu kubwa ilikuwa gharama: vyuo vilichoka kulipia timu mbili. Hapo ndipo mitatu ilipogeuka minne.

Historia hiyo inatufundisha mambo mawili. Namba inaweza kubadilishwa, kwa hiyo asitokee mtu wa kutuambia kwamba minne ni ya kuabudiwa. Na namba inapobadilishwa kwa sababu ya fedha, mwanafunzi ndiye anayeulizwa mwisho. Waliofungua mlango wa 1972 walipiga hesabu ya bajeti. Swali la kama kijana wa miaka 18, mwezi wake wa kwanza chuoni, yuko tayari kusafiri kila wiki na timu, liliachwa lijijibu lenyewe.

Mwaka ulipogeuka mali

Zamani mchezaji wa kawaida alipomaliza misimu yake aliaga, akatafuta kazi. Hakuwa na sababu kubwa ya kung'ang'ania. Mambo yalibadilika mwaka 2021. Mwezi Juni, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja, katika kesi ya Alston, kwamba NCAA haiko juu ya sheria za kupambana na ukiritimba. Julai mosi, wanamichezo wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Juni 2025, Jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano ya kesi ya House, na chuo kimoja kikaruhusiwa kuwagawia wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025-26.

Weka fedha hizo kando ya kima cha chini cha mchezaji mpya katika ligi ya kulipwa ya NFL, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 840,000. Kiongozi mzuri wa mashambulizi anaweza kulipwa zaidi ya hapo akiwa chuoni. Kwa mchezaji wa aina hiyo, mwaka mmoja wa ziada ni mali inayohesabika kwa dola, na mali ikizuiwa mtu huenda mahakamani.

Pavia alikwenda. Alianzia New Mexico Military Institute, chuo cha miaka miwili, akahamia New Mexico State, kisha Vanderbilt. NCAA ilimhesabia msimu wa 2021 aliocheza katika chuo kile cha kwanza. Mawakili wake walisema kwamba mashindano ya vyuo vidogo hayalingani na ya NCAA, hayana fedha wala watazamaji wa kiwango hicho, na kuyahesabu ni kumzuia mtu kuuza kipaji chake sokoni. Desemba 18, 2024, Jaji William Campbell wa Nashville alikubaliana nao kwa kutoa zuio la muda. Siku chache baadaye NCAA ikawaruhusu wote waliokuwa na hali kama yake wacheze msimu mmoja zaidi.

Nyzier Fourqurean wa Wisconsin hakubahatika. Yeye alicheza misimu miwili katika chuo cha daraja la pili kabla ya kupanda. Mahakama ya wilaya ilimpa ushindi Februari 2025, na Julai mahakama ya rufaa ikautengua. Majaji walisema hakuonyesha jinsi kanuni hiyo inavyoua ushindani katika soko zima, mbali na kumuumiza yeye mwenyewe. Nchi ni moja, kanuni ni ile ile, mwaka ni ule ule, lakini haki ya kucheza ikategemea mtu amefungua kesi katika mji gani na ana wakili wa namna gani. Mrusha mkuki wa chuo kidogo, asiye na mfadhili wa kumlipia wakili, hayumo kabisa katika mchezo huo. Kanuni inayolegezwa kwa wenye mawakili peke yao imekwisha kuharibika.

Naiheshimu hoja ya mawakili wa Pavia, na mahakama ilikuwa na haki ya kuitaka NCAA ieleze sababu zake. Chama hicho kiliishi miaka mingi bila kuulizwa. Lakini kwenye kiini cha jambo, nadhani jaji alikosea. Timu ya New Mexico Military Institute ya mwaka 2021 ilikuwa bingwa wa taifa wa vyuo vya miaka miwili. Ilikuwa na makocha, ratiba, waamuzi na kombe. Msimu wa aina hiyo ni msimu, na aliyeucheza ameutumia.

Nafasi haziongezeki

Watetezi wa msimu wa tano wana hoja nyepesi kueleweka: mwanafunzi yuko chuoni miaka mitano, basi acheze yote mitano, na utata wa kuwekwa pembeni na maombi ya ruhusa maalumu uishe siku hiyo hiyo. Kwa karani hoja hiyo ni nzuri. Kwa kijana wa sekondari ina bei, na bei yenyewe inahesabika.

Makubaliano ya House yameweka ukomo wa vikosi katika vyuo vilivyoyakubali. Mpira wa Kimarekani ni wachezaji 105, mbio za nyika ni wakimbiaji 17. Kikosi cha 105 ambacho kila mtu anacheza misimu minne hufungua nafasi kama 26 kila mwaka. Wakicheza mitano, nafasi zinabaki 21. Kila timu inapoteza nafasi tano kwa mwaka, na katika ngazi ya juu ya mpira huo kuna timu zaidi ya 130. Tunazungumzia vijana zaidi ya 650 kila mwaka ambao hawatapata mlango. Hiyo ni hesabu ya juu, kwa sababu wengine huondoka mapema na wengine tayari hutumia mwaka wa akiba, lakini mwelekeo wake haubishaniwi. Katika mbio za nyika, timu ya watu 17 inayofungua nafasi nne na ushee itafungua tatu na ushee. Karibu mkimbiaji mmoja kwa kila timu, kila mwaka, atabaki nyumbani.

Hili lilionekana wazi baada ya UVIKO-19. Wakubwa waliporudishiwa mwaka wao, waliomaliza sekondari mwaka 2021 na 2022 walikuta viti vimekaliwa. Waliongoja wakangoja, waliokata tamaa wakaenda vyuo vidogo au wakaacha michezo. Hawakuwa na kesi ya kufungua, kwa kuwa mtu hawezi kushtaki kwa nafasi ambayo hakuwahi kupewa. Katika mjadala mzima wa miaka, huyo ndiye asiye na wakili, na mwandishi anayejali haki inabidi amsemee.

Umri au mashindano?

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1978, Henry Rono, mwana wa Nandi aliyekuwa akisoma Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 10,000, mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na mita 3,000. Alikuwa na umri wa miaka 26. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso kilikuwa na Watanzania Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980 akiwa na miaka 27, na Gidamis Shahanga, aliyekuwa tayari bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola wa mwaka 1978. Makocha wa Kimarekani walilalamika kwamba vijana wao wa miaka 18 wanashindanishwa na watu wazima waliokwisha kuiva kimataifa.

Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, na hatuna sababu ya kuukwepa. Mapafu na misuli ya mkimbiaji wa masafa marefu hukomaa katikati ya miaka ya ishirini. Miaka mitano au sita ya mazoezi haifidiwi kwa moyo mkuu peke yake. Tatizo lilikuwa tiba iliyochaguliwa. Tangu miaka ya 1960, NCAA ilikuwa na kanuni iliyompunguzia misimu mgeni aliyeshindana kwao baada ya kutimiza miaka 19, huku Mmarekani wa umri ule ule akiachwa. Howard, chuo kikuu cha kihistoria cha Wamarekani weusi kilichotwaa ubingwa wa soka mwaka 1971 kikiwa na wachezaji kutoka Afrika na visiwa vya Karibi, kilivuliwa taji hilo. Howard ilikwenda mahakamani, na mwaka 1975 mahakama ya rufaa ya Washington ikathibitisha kwamba kanuni hiyo ilikuwa ya kibaguzi. Katika msimu wa 1974 timu yake ilitwaa ubingwa mwingine bila kufungwa.

Katika mjadala wa sasa wapo wanaopendekeza umri urudi: miaka mitano ihesabiwe tangu mtu amalize sekondari au afikishe umri fulani, hata kama hajakanyaga chuo. Ukisikia hivyo, mtazame msichana wa Nandi anayefanya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba akiwa na miaka 18 au 19. Matokeo yanatoka mwaka mpya ukianza. Anahitaji mtihani wa Kiingereza, vyeti vilivyothibitishwa, barua ya chuo, ada za maombi, kisha usaili wa viza Nairobi. Vyuo vinafunguliwa Agosti. Yote yakienda sawa ana miezi minane hivi. Likikwama moja tu, barua ikachelewa au ada ikakosekana, anasubiri Agosti ya mwaka unaofuata. Mwenzake wa Colorado anamaliza sekondari Mei na kuingia chuoni Agosti ile ile. Kipimo cha umri kinamtoza msichana wa Nandi kwa kalenda ya mitihani ya nchi yake na kwa foleni ya ubalozi.

Kanuni iliyopo inamtoza pia, ingawa kwa namna inayoweza kutetewa. Baada ya sekondari ana mwaka mmoja wa nafasi. Mwaka huo ukipita, akiendelea kushiriki mashindano rasmi kabla ya kujisajili chuoni, anapunguziwa msimu mmoja kwa kila mwaka wa kushindana, na akifika chuoni lazima akae mwaka wa kwanza bila kushindana. Mashindano rasmi ni mapana kuliko wengi wanavyofikiri. Mbio zikiwa na waamuzi, saa na matokeo yanayoandikwa, zinahesabiwa. Kukimbia mara moja mbio za nyika za mkoa, namba kifuani, katika mwezi wa 14 baada ya mtihani, kunaweza kumgharimu robo ya maisha yake ya michezo ya chuo.

Hata hivyo, kanuni ya namna hii naikubali, kwa kuwa inahesabu alichofanya mtu. Ninachodai ni kwamba iwe moja kwa wote. Katika hoki ya barafuni, mchezo wenye wachezaji wengi wa Kimarekani na Kikanada, kijana anaruhusiwa kucheza ligi za vijana mpaka miaka 21 bila kupunguziwa kitu, na tangu Agosti 2025 hata wanaotoka ligi kuu za vijana za Kanada, ambako hulipwa posho, wanapokewa. Wamisionari wa kanisa la Mormoni husimamishiwa miaka yao wakiwa safarini. Conner Mantz wa Brigham Young alirudi kutoka utumishi wa kanisa nchini Ghana na akawa bingwa wa mbio za nyika za vyuo mara mbili, akiwa na miaka 24. Alistahili kila heshima aliyopata, na sikusikia kelele juu ya umri wake. Basi Mkenya wa miaka 24 aliyechelewa kwa sababu ya ada asiitwe mdanganyifu.

Kipimo hicho kinatukata na sisi Waafrika. James Nnaji wa Nigeria alichaguliwa na timu ya NBA mwaka 2023, alikuwa amecheza kikapu cha kulipwa Barcelona, na mwishoni mwa 2025 NCAA ilimruhusu kujiunga na Baylor akiwa na miaka minne kamili mbele yake. Kwa kipimo ninachokitetea asingepewa minne. Misimu yake ya Ulaya ilikuwa misimu ya kweli, migumu kuliko ya vyuo vingi vya miaka miwili. Mwafrika akipewa upendeleo leo, kesho upendeleo huo utakuwa sababu ya kumfungia mlango Mwafrika mwingine.

Ahadi ni shahada

NCAA yenyewe imekuwa ikisema kwa miaka kwamba wanamichezo wake wasiofika asilimia 2 ndio huishia katika michezo ya kulipwa. Wanaobaki ni walimu, wahasibu, wauguzi na wahandisi, au ni watu waliorudi nyumbani na viatu vya mbio bila cheti. Kwa mgeni jambo hili ni zito zaidi. Viza ya mwanafunzi inambana asifanye kazi nje ya chuo bila idhini, kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha hizi mpya haimfikii. Ufadhili na shahada ndiyo malipo yake yote.

Ukimpa msimu wa tano lakini shahada ikabaki asilimia 80, umempa nini? Umechukua mwaka mwingine wa miguu yake. Nionavyo, anayehitaji mwaka wa tano anahitaji maktaba zaidi ya uwanja. Aupate mwaka huo akiwa mwanafunzi kamili, ada ikilipwa, bila safari za kila wiki, na kiti chake kikosini kikiwa kimeachiwa kijana mwingine.

Njia imeanza kufunguliwa. Tangu Agosti 2024, vyuo vya daraja la kwanza vinatakiwa kumlipia mwanamichezo wa zamani aliyekuwa na ufadhili kamili arudi kumaliza shahada yake, hadi miaka 10 baada ya kuondoka. Ni hatua kubwa, na imezungumzwa kidogo kuliko kesi moja ya mchezaji nyota. Upungufu wake uko kwenye neno kamili. Wanariadha wengi hawana ufadhili kamili. Kwa miaka mingi timu ya riadha ya wanaume katika daraja la kwanza iliruhusiwa ufadhili wa watu 12.6, na kocha aliugawa vipande vipande kwa kikosi kizima. Mkimbiaji aliyelipiwa nusu ameteseka na mazoezi kamili, safari kamili na majeraha kamili. Dhamana ya kumaliza shahada imfikie na yeye.

Kwa hiyo kanuni ningeiandika hivi. Misimu minne ya mashindano baada ya sekondari, popote ilipochezwa: chuo cha miaka miwili, ligi ya Ulaya, mbio za Kenya au barafu ya Kanada. Mwaka mmoja wa nafasi kwa wote, unaohesabiwa tangu siku ambayo mwanafunzi angeweza kweli kuanza chuo kwa kalenda ya nchi yake. Miaka mitano ya kuitumia misimu hiyo, ianzie siku ya kujisajili chuoni, isimame kwa uzazi, utumishi, umisionari na majeraha yenye ushahidi wa daktari, na isisimame kwa lingine. Na ufadhili wa masomo uendelee mpaka shahada, kwa yeyote aliyevaa jezi ya chuo misimu yote minne. Kanuni ya namna hiyo haihitaji jaji wa kuifasiri kila wiki, na hata mbele ya jaji ina sababu ya kusimama nayo.

Kwetu, mambo mengine hayangoji uamuzi wa Marekani. Walimu wa michezo na vyama vya riadha vya Kenya na Tanzania wawaambie vijana, kabla ya mtihani wa mwisho, kwamba kila mbio rasmi baada ya mwaka mmoja ina bei. Tarehe za kuzaliwa ziandikwe kwa ukweli tangu shule ya msingi, maana uongo mmoja ukigundulika unawachafua mia waliosema kweli. Na mzazi anayeletewa barua ya ufadhili, kabla hajaweka sahihi, amuulize kocha swali moja: mwanangu akimaliza msimu wake wa mwisho na shahada haijakamilika, nani atalipa? Jibu aliombe kwa maandishi. Kocha asiye na jibu hilo anatafuta mkimbiaji, na mtoto bado hajapata chuo.